Mtungi wa akiba usiufanye risasi

Ukizamia Leven Bank, ule mwamba ulio kati ya Unguja na Pemba, mkondo unaweza kukutenganisha na mwenzako kabla hujageuza shingo. Kwa hiyo simshangai mtu anayebeba mtungi mdogo wa hewa ya akiba wenye regulata yake, yaani kifaa cha kupumulia. Tabu huanza akishafika chini: mwili unapinda upande mmoja, miguu inazama, na mkono hautoki kwenye kitufe cha jaketi la kuelea. Akirudi botini anaambiwa kuhusu risasi, vile vipande vizito vinavyomsaidia mzamiaji kuzama, "Punguza risasi kilo mbili, si umeshabeba mtungi wa pili?"

Ushauri huo mimi siupokei mpaka niambiwe mtungi wenyewe ni upi.

Mtungi wa aluminiamu wa lita 5.7 ukiwa umejaa, majini hauna uzito wa maana. Ukiisha hewa unaelea, unakuvuta juu kwa nguvu ya kama kilo moja. Hapo risasi ya kupunguza iko wapi? Wa chuma wa lita 3 ni habari nyingine: huo unavuta chini hata ukiwa mtupu, na ndio unaowashawishi watu watoe risasi. Sasa fikiria uko mita 5 chini ya maji unasubiri kupanda, mwenzako kaishiwa hewa, unaufungua unampa. Umempa na uzito wako. Yeye anabaki, wewe unapaa.

Kwa hiyo najipima kana kwamba mtungi mdogo haupo. Mwisho wa mbizi, mita 5, mtungi mkubwa umebaki na baa 50 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), jaketi halina hewa, napumua kawaida. Namkabidhi mwenzangu ule mdogo. Nikianza kupanda, risasi hazitoshi, basi. Kipimo kifanywe mwishoni kwa sababu hewa nayo ina uzito: mtungi wa lita 11 ukishuka kutoka baa 200 hadi 50 umepoteza lita 1,650 za hewa, na kila lita ina gramu 1.2 hivi. Hizo ni kama kilo 2 ulizoanza nazo na sasa huna.

Nikibeba wa aluminiamu naongeza kilo moja, ya siku nitakayoumaliza kweli. Naiweka kwenye mkanda wa mtungi mkubwa, katikati ya mgongo. Nikibeba wa chuma siongezi wala sipunguzi. Nahamisha kipande kimoja cha risasi kutoka upande wake kwenda upande wa pili. Miguu ikiendelea kuzama, nahamisha kilo moja kutoka kiunoni kwenda juu, karibu na mabega. Mara nyingi kasoro iko kwenye mahali pa risasi, wala si kwenye idadi yake.

Wapo wanaoufunga mtungi mdogo ubavuni mwa ule mkubwa. Kwangu hapana: valvu huioni, geji huisomi, na kumpa mtu haiwezekani. Naubeba kushoto, shingo karibu na kwapa, kitako nyongani. Kamba ya kishikizo cha juu iwe fupi, ipite vidole viwili tu. Ikiwa ndefu mtungi unaning'inia na kukwangua matumbawe. Mpira wa regulata, ule unaopitisha hewa, naubana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kinashika kuliko vile vya dukani. Wa aluminiamu ukipungua hewa, kitako huinuka kama mkia wa bata, kwa hiyo hamisha kishikizo cha chini mbele kidogo, kwenye pete ya mkanda wa kiuno.

Na ukibadilisha wetisuti, lile vazi la mpira la kuzamia, ukatoka ya milimita 3 ya kaskazi kwenda ya 5 ya kusi, hesabu yote hiyo imekufa. Jipime tena, siku ya bahari tulivu na penye kina kifupi, si siku ya kwenda Leven Bank.