Kabla hujapaka: dawa ya msuli au ya ngozi?

Ukipangiwa mgonjwa asiyeweza kuzuia haja kubwa, jiulize kwanza: tyubu ya dawa uliyopewa ni ya kukaza msuli wa njia ya haja kubwa au ya kulinda ngozi? Wanaoanza kazi huzichanganya, wakapaka krimu ya zinki wakidhani choo kitakoma kuvuja. Zinki hulinda ngozi tu.

Za msuli ni chache. Inayojulikana zaidi ni jeli ya finilefrini ya asilimia 10, inayopakwa mara mbili kwa siku kwenye njia ya haja kubwa ili kukaza msuli wa ndani, ule unaojibana wenyewe hata mtu akilala. Katika jaribio la mwaka 2000 la hospitali ya St Mark's, London, lenye wagonjwa 36, kwa jumla haikuishinda jeli isiyo na dawa. Katika jaribio jingine dogo, walionufaika ni baadhi ya waliotolewa utumbo mpana na kutengenezewa kifuko cha utumbo mdogo. Kwa hiyo usimwahidi mgonjwa makubwa. Pima presha kabla ya kuanza, vaa glovu, na uangalie kama ngozi inawasha au kuungua.

Mzee aliyelala kitandani muda mrefu akivuja majimaji, usikimbilie loperamidi, dawa ya kuzuia kuharisha. Mpime kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa: mara nyingi choo kigumu kimekwama na majimaji yanapenya pembeni. Ukimpa loperamidi hapo, unazidi kumziba.

Ngozi ndiyo kazi ya kila siku. Choo chepesi kina vimeng'enya vinavyoila, na kikichanganyika na mkojo huwa vikali zaidi. Safisha mara tu anapochafuka, kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Sabuni ya mche iache kwenye ndoo ya kufulia. Kausha kwa kugusagusa, bila kusugua. Kisha zinki, tabaka jembamba. Ukiikandika kama plasta ya ukutani, nepi haitanyonya. Safari inayofuata ondoa kinyesi tu, krimu safi iliyobaki iache.

Vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni na kwenye mikunjo mara nyingi ni fangasi: klotrimazoli ya asilimia 1 itangulie, ikishanywea ndipo zinki. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazopatikana kirahisi madukani, usizipake bila daktari. Chini ya nepi hufanya ngozi iwe nyembamba.

Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, hivyo tafuta joto, maumivu na rangi iliyobadilika. Doa likiwa juu ya mfupa tu na halififii ukilibonyeza, shuku kidonda cha kulalia: mgeuze mgonjwa na umwambie daktari, maana krimu hailiponyi.