Napenda ramani, je nisomee GIS?

SWALI: Habari dada, napenda ramani tangu mdogo na nataka kusoma digrii ya GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, ila hesabu zangu za kawaida tu na kila mtu ananiambia soma kompyuta. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Kwanza GIS sio kuchora ramani tu, ni kuuliza kitu kiko wapi na kwa nini kiko pale, kama daktari John Snow alivyofanya London mwaka 1854, aliweka vifo vya kipindupindu kwenye ramani vikaonekana vimeizunguka pampu moja ya maji ya Broad Street, na kompyuta hazikuwepo kabisa! Hesabu utakayokutana nayo sana ni takwimu, inafundishika ukikaa chini. Ila hilo la kompyuta usilipuuze, anayejua kubonyeza vitufe vya programu tu anapitwa haraka, anza Python (lugha ya kuandikia programu) na SQL (lugha ya kuuliza data) mapema hata kama chuo hakijaweka kwenye ratiba. Ukichagua chuo angalia masomo yenyewe sio jina la digrii, kwingine GIS iko ndani ya jiografia au upimaji ardhi na ni sawa tu. Alafu usisubiri udahili, pakua QGIS, programu ya kutengenezea ramani, ni ya bure, chukua picha za satelaiti za Landsat nazo bure tangu 2008, tengeneza ramani ya kitu unachokijua uone kama bado unapenda baada ya wiki mbili za kusafisha data, yaani kurekebisha makosa yaliyomo, maana kazi yenyewe sehemu kubwa ndo hiyo.