Dawa za kolesteroli na saratani ya ini: jibu kwa mdau wa Sengerema

Mkuu, pole kwa kuuguza. Nimeusoma uzi wako wote, pamoja na wale wanaokushauri umpe mama limao na kitunguu saumu, nikaona nijibu kwa urefu kwa sababu jambo hili naishi nalo.

Kwa wanaoingia sasa: mama wa mwenzetu yuko Sengerema, alipata kiharusi chepesi, akaandikiwa atovastatini, dawa ya kushusha kolesteroli ya kundi linaloitwa statini, miligramu 20 ameze kila usiku. Akatumiwa video WhatsApp kwamba dawa za kushusha kolesteroli zinaleta saratani ya ini. Vidonge kaviacha, na dada mtu kamnunulia stendi chupa ya "kusafisha ini". Mleta mada anauliza kama video ina ukweli, na kama mama aendelee kula dagaa.

Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Sio daktari. Ila nina sukari, nina presha, na nina homa ya ini B, ambayo niligundulika nayo nilipokwenda kumchangia damu shemeji yangu. Damu haikupokelewa, nikaitwa pembeni. Hofu ya saratani ya ini ndiyo inayonipeleka kliniki kila miezi sita kupigwa ultrasaundi. Na atovastatini nameza. Daktari yuleyule anayenilindia ini ndiye aliyeniandikia, na siku hiyo nilimuuliza swali lako hilihili, ile karatasi ya ndani ya boksi nimeikunjua mezani kwake.

Maana tuseme ukweli, video haikutungwa hewani. Taarifa za watengenezaji wenyewe zinasema panya waliopewa atovastatini kwa miaka 2, kwa dozi kubwa kabisa, walipata uvimbe kwenye ini, wengine saratani. Anayetengeneza video anaishia hapo. Kiasi hakisemi. Panya wale walikuwa wanapewa miligramu 400 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mfanyabiashara nikaanza kupiga hesabu ya mtu wa kilo 65, nikafika vidonge 1,300 vya miligramu 20 kwa siku, nikacheka. Daktari akanikatiza: hesabu hiyo si ya haki, kwa sababu mwili wa panya unaiondoa dawa haraka kuliko wetu. La kulinganisha ni dawa inayokuwepo kwenye damu, na hiyo kwa panya ilikuwa kama mara 6 ya mtu anayemeza miligramu 80, dozi ya juu kabisa ya binadamu. Mama yako yuko kwenye 20. Nilimpenda daktari kwa kunikatiza pale, angeweza kuniacha niondoke na jibu tamu.

Sasa binadamu. Statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, kwa hiyo wamemeza watu wengi mno kwa miaka mingi, na wamefuatiliwa. Mwaka 2024 yalitoka matokeo kutoka kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza: watu 3,719 waliopata saratani ya ini wakalinganishwa na 14,876 ambao hawakuipata. Waliokuwa wanatumia statini walikuwa na hatari pungufu kwa kama theluthi moja. Hata ezetimibu, ambayo ni dawa nyingine kabisa inayozuia kolesteroli isifyonzwe utumboni, ilikuja na upungufu unaokaribiana na huo. Kuna pia utafiti wa Sweden uliochapishwa 2019, huo unanihusu mimi moja kwa moja, kwa sababu uliwaangalia watu wenye homa ya ini B au C. Baada ya miaka 10, saratani ya ini ilikuwa asilimia 8.1 kwa wasiotumia statini na asilimia 3.3 kwa waliotumia zile za kundi la atovastatini.

Usikimbie sasa kuandika "statini inatibu saratani". Hizo ni tafiti za kuangalia tu nani alimeza na nini kilimpata baadaye. Daktari akiona ini bovu husita kuandika statini, kwa hiyo wanaoandikiwa tangu mwanzo ni wale wenye ini lenye nafuu. Halafu ini ndilo linalotengeneza kolesteroli nyingi ya mwilini. Likianza kuharibika, kolesteroli inashuka yenyewe na mtu anaonekana hahitaji dawa, kumbe ugonjwa umeshaingia. Majaribio makubwa, ambayo watu waligawanywa kwa bahati nasibu, huyu dawa na huyu kidonge kitupu, yameonyesha saratani hazikuongezeka wala hazikupungua. Kwa hiyo mimi simezi atovastatini kulinda ini. Nameza nisipooze. Na mama yako, ambaye kiharusi kimeshampitia mara moja, ana sababu kubwa kuliko yangu.

Madhara yapo, sikatai. Kuna watu wachache ambao kimeng'enya cha ini, kile kinachoandikwa ALT kwenye majibu ya maabara, kinapanda. Kikipita mara tatu ya kawaida daktari hupunguza dozi au husimamisha, na kwa kawaida kinarudi chini. Ndiyo maana wanapima damu kabla ya kuanza. Zamani ilikuwa lazima kupima kila baada ya muda, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa sharti hilo mwaka 2012 baada ya kuona madhara mabaya ya ini ni nadra sana. Mimi nahangaika zaidi na misuli. Mama akisikia maumivu ya misuli yasiyo na sababu pamoja na mkojo kuwa mweusi, asisubiri tarehe ya kliniki. Vilevile kama anatumia dawa za kufubaza VVU au ameandikiwa antibayotiki, aseme, kwa sababu baadhi hazipatani na statini. Na mwenye ini lililofika hatua ya tumbo kujaa maji, huyo ni mgonjwa mwingine kabisa, asipangiwe dawa na watu wa mtandaoni.

Kinachonikera kwenye video hizi ni kwamba zinatuelekeza tuogope kidonge wakati ukanda wetu wa ziwa una vitu vinavyoua ini mchana kweupe. Homa ya ini B ndiyo ya kwanza. Watoto wetu wanachanjwa tangu 2002, lakini sisi wa umri wa mama yako nani alituchanja? Sumukuvu kwenye mahindi na karanga ndiyo ya pili, na mtu mwenye homa ya ini B akila sumukuvu hatari inazidishwa, haijumlishwi. Siku hizi mama watoto akinunua karanga tunazimwaga kwenye ungo, zilizosinyaa, zenye ukungu wa kijani na zilizotoboka zinatupwa, hata kuku hapewi. Zamani ndizo zilizokuwa zinasagwa kwa ajili ya mboga, kwa sababu kwenye unga hazionekani. Gongo sina haja ya kuielezea. Kichocho cha tumbo nacho kinalitia ini makovu mpaka mtu anatapika damu, na wa Sengerema mnaoteka maji ziwani mnakijua.

Kwa hiyo mpelekeni mama hospitali aliyoandikiwa dawa, mwambieni daktari wazi kwamba ameziacha na ni tangu lini. Ombeni apimwe ALT na homa ya ini B kwa pamoja. Sindano ni moja, na kipimo cha homa ya ini watu wengi wa rika lake hawajawahi kufanya. Akikutwa nayo kuna dawa ya kuidhibiti, mimi ninayo, maisha yanaendelea.

Mkinunua vidonge, chukueni karatasi nzima. Muuza dawa akikukatia nusu kwa mkasi, mara nyingi upande wenye tarehe ya kuisha unabaki dukani.

Chupa ya stendi aiache leo, ila msiitupe. Ibebeni mwende nayo kliniki. Kama ameshainywa na ALT ikakutwa juu, daktari akikosa kuiona atadhani ni atovastatini, na mama atanyimwa dawa anayoihitaji kwa kosa la mzizi usiojulikana jina.

Dagaa ale. Awaache wa kukaanga kwa mafuta mengi na wale wa chumvi, kwa ajili ya presha. Na waoshwe mchanga vizuri kwanza, mimi ninayeuza najua wanakoanikwa.