Kabla hujamlaumu mjusi, pima sakafu

Wiki ya kwanza Mzee, geko chui wangu, mjusi mdogo wa kufugwa, hakula kitu. Nilimpa jina hilo kwa jinsi anavyotembea: hatua moja, anasimama, anatafakari, kisha hatua nyingine. Nilimwekea nyenje, akawatazama wakimpita mkiani. Nikabadilisha, nikamletea funza wa unga, akafumba macho. Geko chui ana kope, tofauti na mijusi kafiri wa ukutani, kwa hiyo akikupuuza unajua kabisa kwamba umepuuzwa.

Nililaumu wadudu, nikalaumu aliyeniuzia. Kumbe kipimajoto nilikuwa nimekibandika kwenye kioo cha tangi lake, juu karibu na taa, kikasoma nyuzi 29 nami nikaridhika. Mjusi haishi juu ya kioo. Siku niliyokishusha hadi pale anapolaza tumbo, kilisoma 23.

Mwili wake hautengenezi joto la kumtosha. Hulichukua kwenye jiwe au sakafu anayoilalia. Akipoa, tumbo halisagi chakula, na hamu ya kula inakwisha. Sehemu yake ya joto inatakiwa iwe nyuzi 31 hadi 33 pale chini, na upande wa pili uwe kama 25 ili aweze kwenda kupoa akitaka. Ndiyo maana tangi liwe refu: mimi nimeishia kwenye la sentimita 90, na sioni kwamba ni kubwa. Usiku joto likishuka hadi 20 hivi hadhuriki. Kama unatumia mkeka wa umeme wa kupasha joto, usiuwashe bila kidhibiti joto. Mkeka usiodhibitiwa huunguza tumbo, na mjusi anaweza kulalia kinachomuunguza asiondoke.

Siku ya nne baada ya kurekebisha, taa za chumba zikiwa zimezimwa, nilimwona akitoka pangoni. Nyenje mmoja alisogea. Ncha ya mkia wa Mzee ikaanza kutetemeka taratibu, kama ya paka anayevizia, shingo ikainuka, kisha kishindo kidogo tu. Nilikaa kimya nikimsikiliza akitafuna.

Tangu hapo chakula hakinisumbui. Mdudu asiwe mpana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Mjusi mdogo hula kila siku, mkubwa kila baada ya siku mbili au tatu. Walishe wadudu mboga siku moja kabla, kisha wapake unga wa kalsiamu. Bila kalsiamu na vitamini D3 mifupa hulainika, taya likawa kama mpira. Nyenje waliobaki watoe kabla hujalala, maana humng'ata yeye. Na vimulimuli usimpe kamwe, ni sumu kwake.

Jambo lililonishtua zaidi lilikuwa vidole. Akijivua ngozi huila, hivyo asubuhi unaweza usijue kama amejivua. Mimi nilikuja kuona pete ya kijivu kwenye kidole kimoja cha nyuma: ngozi iliyokwama, iliyokuwa ikikaza polepole na kuzuia damu. Nilimsimamisha kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kimo cha vidole, dakika kumi na tano, nikaisukuma kwa kijiti cha pamba. Usiivute ikiwa kavu. Sasa ana kiboksi chenye tundu na karatasi laini zenye unyevu ndani, mbali na mapango yake mawili makavu, na kila akianza kupauka kabla ya kujivua naona ameshaingia humo.

Mchanga wa kutandika sakafuni nimeachana nao, vigae vinanitosha. Mkia usimshike, ataukata. Utaota mwingine, lakini mfupi na mnene usio na umbo la ule wa awali, na hapo atakuwa amepoteza akiba yake ya mafuta. Nami nautazama mkia kila wiki: ukiwa na unene unaokaribia wa shingo, sina wasiwasi.

Mkia ukianza kukonda huku joto la sakafu liko sawa, usimsubiri. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayewajua reptilia, na ubebe kinyesi cha siku hiyo kwenye kopo safi kwa ajili ya kupimwa vimelea. Mimi nilienda mikono mitupu, nikaambiwa nirudi nyumbani nikamsubiri aende haja. Ilichukua siku tatu.