Maswali ya wasomaji: kinu, mashine na kijiko kilichogeuka manjano

Swali: Nimenunua kinu cha jiwe. Kila nikitwanga pilipili manga hutoka unga wa kijivu, na chakula kina mchanga. Nikirudishe?

Jibu: Subiri kwanza. Hilo ni vumbi la jiwe, na kila kinu kipya huwa nalo. Kisugue kwa maji na brashi ngumu, bila sabuni. Jiwe hunywa harufu yake na kuirudisha kwenye mchuzi. Kikikauka kabisa, tia vijiko 2 vya mchele mbichi, usage kwa kuzungusha mchi mpaka kwenye kuta za juu, maana wengi husafisha katikati tu. Mwaga, tia mwingine, urudie mpaka unga utoke mweupe. Jiwe gumu huridhika kwa awamu 3 au 4. Malizia kwa kuponda punje chache za kitunguu saumu na chumvi ya mawe, zipake kote, suuza. Ukifika awamu ya 8 na unga bado wa kijivu, jiwe ni laini na litazidi kulika. Hapo kirudishe.

Tena pilipili manga haitwangwi, itaruka tu. Ikandamize kwa mchi huku ukizungusha, na usijaze kinu kupita theluthi.

Swali: Mashine yangu ndogo ya visu huacha vipande vya mdalasini, na tangu nisage karafuu kifuniko cha plastiki kimeingia ukungu usiotoka.

Jibu: Ukungu huo si uchafu. Mafuta ya karafuu hula baadhi ya plastiki ngumu zinazoonyesha ndani, na kilicholiwa hakirudi hata ukisugua vipi. Karafuu ziponde kwenye kinu, au tafuta mashine yenye kikombe cha chuma.

Mdalasini uvunje kwanza vipande vya ukubwa wa ukucha. Jaza nusu ya kikombe, bonyeza sekunde 3, acha, tikisa, bonyeza tena. Ukiiacha izunguke mfululizo visu hupata moto, na ile harufu nzuri inayojaa jikoni ndiyo hiyo inayokimbia kwenye kiungo chako. Chekecha kwa chujio laini, chenga zirudi kwenye mashine. Kama ulikaanga viungo, vipoe kabisa kwanza. Vikiwa vya moto hutoa mvuke na unga huganda chini ya visu. Kungumanga nzima usiitie humo, ni ngumu kwa visu vidogo. Ikwangue kwa kifaa chenye meno madogo.

Kuondoa harufu: saga vijiko 2 vya mchele mkavu, mwaga, futa kwa kitambaa. Chomoa waya kabla ya kufuta.

Swali: Vijiko vyangu vya plastiki vimekuwa manjano kwa bizari. Sabuni imeshindwa.

Jibu: Rangi ya manjano hukubali mafuta kuliko maji. Paka mafuta ya kupikia, acha dakika 10, ndipo uoshe kwa sabuni na maji moto. Kilichobaki kianike juani siku moja au mbili, mwanga huififisha. Mwiko wa mbao uache ulivyo, doa halidhuru.

Swali: Kwa nini bizari yangu huganda mkebeni?

Jibu: Unainyunyiza moja kwa moja juu ya sufuria inayotoka mvuke. Chota kwa kijiko kikavu pembeni, funika mkebe, kisha tia.