Maswali na majibu: Saa ya kugeuka

Juma lililopita niligusia kwamba kupanda milima kumenifundisha kusimamia miradi kuliko semina zote nilizowahi kukalia. Wasomaji hawakuniacha. Haya ni baadhi ya maswali yao.

Mradi wetu umepitiliza bajeti na tarehe, lakini bosi anasema tumeshatumia pesa nyingi mno, hauachiki. Mpanda mlima angefanyaje?

Angekuuliza saa yenu ya kugeuka ni ipi. Mzoefu huipanga akiwa bado kambini, ameshiba na kichwa kimetulia: ikifika saa nane mchana, popote nilipo, narudi. Hangoji mpaka awe juu, maana kupita mita 8,000 hewa ni nyepesi, akili inakuwa nzito, na kilele unakiona kama cha kushika kwa mkono. Tarehe 10 Mei 1996, pale Everest, wengi waliendelea kupanda saa hiyo ikiwa imeshapita. Dhoruba ikawakuta wakishuka. Watu wanane walikufa.

Sasa rudi 1953, kabla haijajulikana kama kuna aliyewahi kukikanyaga kilele hicho. Tarehe 26 Mei Tom Bourdillon na Charles Evans walifika kama mita 100 tu chini yake. Saa saba mchana, kifaa cha oksijeni cha Evans kinasumbua. Wakapiga hesabu ya hewa iliyobaki, wakageuka. Siku tatu baadaye Edmund Hillary na Tenzing Norgay walipita njia ileile, wakakuta mitungi ambayo wenzao waliiacha ikiwa bado na oksijeni. Walifika kileleni, na mitungi hiyo ikawafaa wakati wa kushuka.

Kwa hiyo mwambie bosi kwamba pesa iliyokwisha kuliwa haimo kwenye hesabu ya kesho. Cha kuuliza ni kama iliyobaki inatosha kwenda na kurudi. Na mkiamua kuuacha mradi, acheni na mitungi: michoro, data, majina ya watu waliowasaidia. Wengi hufunga kwa hasira na kufuta kila kitu, nami niliwahi kuwa mmoja wao.

Kuna mmoja kwenye timu yangu anatuchelewesha sote. Nimtoe?

Kwanza fungua begi lake. Safari moja tulimnung'unikia mwenzetu kutwa nzima, kila kona tunamsubiri. Jioni alipofungua begi tukaona masufuria, hema na maji ya akiba ya kundi zima. Sisi tulikuwa tumebeba makoti. Kesho yake tukagawana mzigo, yeye tukamweka wa pili, nyuma tu ya kiongozi, na hatukumsubiri tena. Kama begi ni jepesi na bado anasuasua, hapo una mazungumzo magumu mbele yako. Usiyakwepe.

Ratiba yangu imejaa kazi kila siku, hakuna pengo. Nimepanga vizuri, siyo?

Umejipangia matatizo. Kwenye milima mirefu watu hupanda mchana, wakashuka kulala chini, kesho wakarudia. Asiyejua ataona wanapoteza muda, kumbe mwili unaizoea hewa ya juu. Tena wanaweka siku za akiba kwa ajili ya hali ya hewa. Weka zako, hata kama mkubwa wako atauliza ni za nini.

Nitumie programu gani kusimamia mradi?

Ile ambayo timu yako itaifungua kila asubuhi. Mimi natumia daftari.

Tumezindua mfumo mpya wiki iliyopita na kila mtu anapongeza. Naweza kuivunja timu?

Bado. Hillary na Tenzing walikaa kileleni kama dakika 15 tu, na hema lilikuwa chini. Watu wako wasiondoke mpaka watumiaji wauendeshe mfumo bila kukupigia simu usiku wa manane, nyaraka ziwe zimekabidhiwa na ankara ya mwisho imelipwa. Halafu nenda kalale.