Usimpe mtu namba yako ya ruzuku

Mkuu, acha kwanza swali lako la mbolea ipi upandie kwenye lile shamba la kukodi, DAP au NPK. Hapo uliposema kuna kijana anapita kijijini kwenu kukusanya namba za ruzuku ya mbolea, zile mkulima anazopewa akijisajili, "ili msihangaike na foleni mjini", chai imenipalia. Usimpe!

Mimi nilimpa wa kwetu, msimu wa 2022/23, mfumo huu ulipoanza. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mfuko wa DAP ulishapita laki na ishirini, serikali ikaushusha hadi elfu 70, lakini mawakala wa kuuza mbolea walikuwa mjini na watu wanapanga foleni tangu alfajiri. Jamaa akaja na pikipiki na daftari, mpole, shikamoo kwa kila mzee, ungedhani anatafuta mchumba. Akaandika namba yangu na ekari nilizosajiliwa, akapokea na hela. Mbolea inakuja na fuso Jumamosi. Jumamosi ya mwaka gani hakusema.

Nilipochoka kupiga simu isiyopatikana nikaenda mwenyewe dukani. Muuzaji akaingiza namba, akanitazama: "Mzee, mbona umeshachukua yote?" Nikamwambia basi twende wote shambani akanioneshe nilipoiweka.

Wengi hawajui huu wizi unapita wapi. Ruzuku hii hupewi hela mkononi. Unalipa bei iliyopunguzwa, na ile tofauti serikali inailipa upande wa wauzaji kwa kufuata mauzo yaliyoingia kwenye mfumo. Namba yako ikishaingizwa, kwenye mfumo mfuko umeuzwa kwako, hata kama uko stoo unasubiri mnunuzi wa bei kamili. Mgawo wako unahesabiwa kwa ekari ulizoandikisha. Mgawo ukishakatwa umekatwa, na mvua haisubiri malalamiko yako yasikilizwe.

Nikanunua kidogo kwa bei ya soko, kwa hela ya ada ya mtoto. Sehemu iliyobaki nikapanda hivyo hivyo. Mahindi yakatoka ya njano hadi wapita njia wananiuliza kama mwaka huo nimehamia alizeti. Mke wangu mpaka leo akinituma sukari anauliza: utakwenda mwenyewe au utatuma namba?

Anayeniuma zaidi si yule wa pikipiki, mwizi ni mwizi. Ni kiongozi wetu mmoja aliyesimama mkutanoni akasema "mpeni tu, huyu ni kijana wetu". Tulipomrudia akasema kila mtu ana wajibu wa kutunza namba yake. Sawa, mheshimiwa.

Kwa hiyo namba uitaje ukiwa umesimama dukani, mifuko unaiona, imeshonwa, umeihesabu. Ndipo aingize, akupe risiti, ubebe. Nauli ikiwa tatizo, changeni wakulima kadhaa mkodi gari, mwende WOTE, kila mtu na namba yake. Asitumwe mmoja na karatasi ya namba za wenzake, hata awe shemeji yako. Hasa shemeji.

Na lile swali lako: DAP ya kupandia iko sawa, mbolea ya urea utakuja kukuzia.

Na kama jamaa ameshakuandika kwenye daftari lake, usikae kusubiri fuso. Kesho asubuhi nenda kwa wakala akuangalizie namba yako inasoma umebakiza mifuko mingapi. Ikisoma umechukua, toka hapo moja kwa moja hadi kwa mtendaji na afisa kilimo, uandikishe malalamiko kabla hujapanda.